Mkubwa Harudi Tena

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba nafanya kazi ghalani. Natumaini Mama hajambo, Baba hajambo, na wewe umeacha kusoma huku unatembea.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Baba, na spika yake inapiga kelele mpaka jirani anaitikia salamu. Hili liwe letu wawili. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na msimamizi anataka jibu: niongeze mwaka au nifungashe. Mimi nataka kurudi karakana yetu ya vioo. Ndiyo, pamoja na yale maneno ya Baba mbele ya mteja siku nilipoangusha kioo, eti nina mikono ya uji. Kile kioo kilishavunjika, na hasira zangu zimekwisha. Zake sijui.

Usimuulize. Najua hata chumvi mezani unamwomba kupitia kwa Mama. Wewe sikiliza tu anasema nini juu yangu, uniandikie. Akinitaka, nakuja. Asiponitaka, nasaini.

Kaka yako,
Mkubwa


Tarehe 14 Februari

Kaka yangu Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu: juzi alisema, "Huyo mtoto sijui anakula nini huko," nami nimeihesabu kuwa salamu.

Nimesikiliza kama ulivyoniagiza, na sasa natamani ningekuwa nimeziba masikio.

Jana alikuja dalali wa magari. Baba anataka kuitoa pikapu, achukue gari dogo la kubana mafuta. Unawapa lako, unaongeza kidogo, wanakupa lao. Nilishangaa, maana gari dogo litabebaje kioo cha mbele ya duka? Lakini hilo silo lililoniuma. Wao walikuwa barazani na chai yao, mimi nafua upande wa pili wa ukuta, nikasikia jina lako. Naandika neno kwa neno.

Baba: "Mkubwa harudi tena. Nimeshakubali."

Dalali: "Hata ukimbembeleza?"

Baba: "Ukimlazimisha arudi analia, mpaka watu wanageuka. Mafundi wote wameshindwa naye."

Dalali: "Mwache aende basi, Mzee. Huyo atakuzeesha bure."

Baba: "Namwacha. Natafuta mdogo, asiyekula sana."

Kisha wakacheka, kaka. Wote wawili, na vikombe vikagongana.

Mwanzoni nilidhani huyo mdogo ni mimi, maana mdogo wa nyumba hii ni mimi na ni kweli sili sana. Nikajiona kabisa nimeshika ncha ya kioo. Baadaye nikaelewa kwamba anatafuta mwanafunzi wa kazi, mtoto wa watu, wa kuziba pengo lako. Na mambo yanaingiana: wewe huji, vioo vikubwa ndio basi, pikapu ya nini tena?

Kitu kimoja tu sikielewi. Sikumbuki kukuona ukilia. Ulilia lini?

Nisamehe kwa kuandika haya. Ningekuwa na ujasiri ningetoka na beseni langu nikamwuliza palepale. Nilichofanya ni kusuuza shati moja mpaka maji yakaisha.

Mdogo wako


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua nimeipata. Sijambo, hata ukiniona nimeandika kwa kubana.

Sijui Baba alizipata wapi habari za kulia. Nililia stendi siku niliyoondoka, nyuma ya kibanda cha tiketi, na nilihakikisha hapakuwa na mtu. Kumbe palikuwa na mtu. Na hao "mafundi wote" ni akina nani? Mimi kazi nimefundishwa na yeye peke yake. Akisema mafundi wameshindwa nami, ajue anajisema mwenyewe.

Haya. Nitasaini Jumatatu. Usijilaumu, mimi ndiye niliyekutuma.

Huyo mdogo atakapokuja, mwonyeshe ile sehemu ya mlangoni ambapo sakafu imebonyea. Ukiwa umeshika kioo huioni miguu yako.

Kaka yako


Tarehe 25 Februari

Kaka,

Shikamoo, na hali yako nitaiulizia mwishoni. USISAINI. Kama barua hii imewahi, weka kalamu chini.

Leo Baba alinichukua twende wote yadi ya magari, kwa sababu karatasi zao zimeandikwa kwa lugha ya shule, Kiingereza, naye alitaka mtu wa kumsomea asije akawapa na nyumba. Pikapu tuliiegesha pua ukutani. Mtu wa yadi akaingia ndani, akaweka gia ya nyuma, ikalia kama bati linaloburutwa barabarani. Watu wakageuka. Baba akamfokea kwenye dirisha:

"Nilishamwambia dalali, Mkubwa harudi! Msukumeni!"

Kisha nikamwuliza. Mimi, kwa mdomo wangu huu.

"Baba, Mkubwa ni nani?"

"Si huyu hapa?" Akaipiga bodi kofi dogo. "Tangu mwenzake aondoke, ndiye ninayeongea naye njiani."

Umeelewa? Asiyerudi nyuma ni pikapu. Anayelia ni gia. Mafundi ni wa gereji. Mdogo asiyekula sana ni kigari cheupe, nilikuwa nimekiegemea wakati huo huo. Angesema "hairudi" ningejua ni pikapu. Lakini ukishaliita gari kwa jina la mtu, linachukua na sarufi ya mtu. Nimejaribu kuitafsiri ile sentensi yake kwa lugha ya shule, kwa sababu kule lazima useme tangu mwanzo kama ni mtu au kitu. Nilikwama kwenye neno la kwanza.

Lakini ngoja, haijaisha, na ndiyo maana kichwa kinaniuma. Nilimwuliza kwa nini basi anamtoa, kama ndiye anayeongea naye. Akasema, "Kioo kikubwa kinabebwa na watu wawili. Mimi ni mmoja." Kwa hiyo nilikosea sentensi, ila sijui kama nilikosea maana.

Halafu, alipokuwa anakabidhi funguo, akakataa. Akasema ile fremu ya kuegemezea vioo, iliyo mgongoni mwa pikapu, haimo kwenye mabadilishano. Akaazima spana, akaifungua mwenyewe, akaifunga juu ya kigari. Imezidi huku na huku, tumerudi nyumbani kama kuku aliyebebeshwa kitanda. Watoto wametukimbilia. Nikamwuliza fremu ya nini na vioo vikubwa haviingii tena. Akasema leo nimeanza maswali mengi.

Hali yako? Nijibu upesi.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na wenzako? Barua yako imefika, lakini Jumatatu iliwahi kufika kabla yake. Nimesaini. Nilikwenda kwa msimamizi kumweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kampuni haina habari na sarufi ya baba yangu. Mwaka mmoja.

Nilicheka ile ya mafundi wa gereji mpaka ninayelala naye chumba kimoja akaniuliza kuna nini. Nikashindwa kumweleza, na kicheko kikakata.

Sasa na mimi sijui. Ameliita gari kwa jina langu kwa sababu ananikumbuka, au kwa sababu jina lilikuwa limekaa bure? Na amelitoa. Na fremu ameibakiza. Mtu huyu anataka nini? Mwambie yote, au usimwambie. Mimi nimeshindwa kuamua hata hilo.

Kaka yako


Tarehe 17 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama mzima, Baba mzima, mimi nina mafua kidogo.

Nimemwambia. Kwa kweli sikuweza kumwambia, kwa hiyo nilimsomea barua zako zote, tangu ile ya mikono ya uji, nikiwa nimeyaficha macho nyuma ya karatasi. Sauti ilikuwa inanitoka kama maji ya bomba lenye hewa. Alikuwa anafuta kioo cha mbele cha kigari. Nilipofika ulipolia nyuma ya kibanda, aliendelea kufuta mahali palepale palipokuwa pameshang'aa.

"Hakuna aliyenieleza kama alilia," akasema. Halafu, "Ni mwaka mmoja?"

"Mmoja."

Akakunja kitambaa, akaingia ndani. Nikangoja aseme kitu wakati wa chakula. Alisema maji yamekatika.

Jumapili dalali akapita kusalimia. Baba akamlalamikia kwamba kigari hakibani mafuta kama alivyoahidiwa. Dalali akakizunguka mara moja tu, akashika kiuno.

"Mzee, hilo dude la juu linashika upepo. Na uzito wake! Ukiliacha hapo, hiki kitakunywa kama ile pikapu uliyoitoa. Litoe."

"Linakaa," Baba akasema.

"Umebeba kioo gani nalo tangu siku ile?"

"Hakuna."

"Sasa, baba yangu, gari la kubana mafuta ulilitakia nini?"

Baba akamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote, akarudi, akapanda kwenye kizingiti cha mlango wa gari na kuanza kukaza bolti za fremu moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimekaza tayari. Alipomaliza akaniita.

"Mwandikie kaka yako. Mwambie gari dogo linakunywa mafuta mengi."

Nikauliza, "Hilo tu? Fremu nisiitaje?"

"Hilo tu. Mwandikie vilevile."

Sijui kama ni lawama. Sijui kama ni kitu kingine, na mara hii sijataka kukuchagulia. Nimesimama mbele yake, hapakuwa na ukuta katikati, na maneno ni haya: gari dogo linakunywa mafuta mengi.

Mdogo wako