Picha Iliyokaa Kichwa Chini

Maskati, Ijumaa ya kwanza ya Januari; mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Dar es Salaam.

Kwako Zainabu,

Binti yako Nasra ameniandikia. Ameanza na "Shikamoo mjomba," nami nikajua umeamua niwe nani kwake. Ameniletea faili la picha kutoka kwenye disketi yako ya zamani. Anasema Kariakoo nzima hakuna kompyuta inayolifungua, hata baba yake amejaribu akashindwa. Hapo pa baba yake kushindwa nimeparudia kupasoma.

Unakumbuka serikali iliporuhusu biashara huria, tukanunua ile kompyuta ya mtumba kutoka Dubai, tukaanza kutengeneza kadi za harusi pale Msimbazi. Programu yetu ilihifadhi mafaili ya picha kwa namna yake yenyewe, isiyosomeka kwingine. Wachapaji walitaka namna nyingine. Aliyeweza kuzigeuza ni Nurdin wa Upanga, rafiki yangu. Ukawa unakatiza Mnazi Mmoja na disketi kwenye mkoba. Kazi ya dakika chache, nawe unarudi adhuhuri imeshapita, unanukia udi wa kwao.

Nikaandika programu ya kujifunzia, nigeuze mwenyewe ili usiende tena. Nilianza na picha yako, ile niliyokupiga mlangoni mwa duka kwa ajili ya kadi yetu sisi. Ikatoka kichwa chini, ikakaa hivyo kwenye disketi. Namna ya programu yetu huandika mistari ya picha kuanzia chini. Mimi niliisoma kuanzia juu. Nurdin alipita dukani, akaiona, akacheka mpaka akashika meza.

"Mchumba unamtembeza kwa kichwa, bwana. Zainabu, lete disketi nikaiweke sawa."

Siku zote alikuwa akikuita shemeji. Siku ile alikuita jina lako, nawe hukushtuka. Ulichukua mkoba, mkatoka pamoja.

Kosa nililigundua kabla ya magharibi, nikalirekebisha kwenye programu yangu, nikakaa nikikungoja nikuonyeshe. Uliporudi ulisema picha imeshanyooka, iko kwa Nurdin, tusiwe na haraka na kadi. Nilikuamini kuhusu picha.

Programu yangu ya kujifunzia bado ninayo. Jana nimelifungua faili la Nasra. Umevaa gauni la maua, unamcheka mpiga picha, na miguu yako iko juu. Hakuna aliyeigusa. Basi siku ile Upanga hamkugeuza picha yoyote.

Nilidhani katika umri huu wivu utakuwa umechoka. Haujachoka. Namwonea wivu Nurdin, anayekusikia ukikohoa chumba cha pili na kujua ni kikohozi gani.

Picha nimeinyoosha, nimeigeuza ifunguke kwenye simu yoyote, nimempelekea mtoto. Sikumwambia nani aliipiga. Ameniomba nije kwenye harusi yake. Anasema mjomba hakosi. Mwambie wewe, kwa maneno utakayoyachagua.

Mimi sitarudi.

Mjomba wa Nasra, kama ulivyoamua