Nani Anaosha Miguu Yako

Gaithersburg, Maryland

Mama yangu mpendwa,

Nekesa akikusomea hii asiruke mistari. Namjua dada yangu, akifika pa kulia anakimbia. Nyonga inasemaje? Inakufikisha kanisani? Mimi mzima, nimenenepa, shati la Krismasi limekataa vifungo. Uliza Maryland nzima nani anaosha wazee bila kuwaumiza, utasikia jina langu.

Bibi ninayemtunza, Inge, ni mzaliwa wa Denmark. Amenifundisha Ulaya mpaka namshinda mbunge wetu. Kwao watu wanalipa kodi wakiguna, lakini ukizeeka serikali inakuletea muuguzi mlangoni, na mtoto akikaa kumuuguza mzazi wake, mshahara haukatiki. Nikamwambia, "Kwetu serikali hiyo ni jirani." Akacheka tu.

Basi akashikwa na homa ya mapafu. Nikafanya kama nyumbani: nikaita kanisa letu la Wheaton. Wakaja na chapati, birika la chai na nyimbo. Inge kufungua macho, Wakenya wamezunguka kitanda wanaimba!

"Nimekufa?"

"Bado, Bibi," akajibu Mama Rispa, kiongozi wa akina mama. "Kula kwanza."

Alikula, tena akaongeza.

Wiki hiyohiyo Nekesa akapiga simu kwamba umeanguka tena. Nikaomba ruhusa kwa ofisi iliyoniajiri. Wakasema ukienda, kazi umeacha. Inge akawaka: "Huyu anaosha miguu yangu. Ya mama yake nani anaosha?"

Mama, sikia. Kila asubuhi nikishika miguu yake natafuta lile kovu lako la jembe. Halipo. Nikaenda jikoni nikafungulia maji yapige kelele.

Mama Rispa akanifuata. "Wewe mwanamume, funga huo mfereji. Tumeshagawana zamu za Bibi." Naye Inge akaipigia ofisi: wanishikie nafasi ama awahame. Wakalegea.

Nakuja baada ya Pasaka.

Msalimie baba mdogo, fundi cherehani. Aandae kipimo kipya cha kiuno changu. Na yule jirani anayekuchotea maji, mwambie Denmark wanamwonea wivu.

Kuku asichinjwe kwanza. Niandalieni karai na maji ya uvuguvugu. Nikifika sitaki kiti cha wageni, nitakaa chini, pale miguu yako ilipo.

Mwanao, bingwa wa Maryland,
Wafula