Mpira Uliopita Karibu na Sikio

Mjukuu wangu Baraka,

Nakusalimu kutoka hapa Al-Mahjar, mtaani kwangu Jeddah. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini bado naendesha gari la bosi. Nyanya yako huko nyumbani anasema ng'ombe amezaa salama.

Umeniuliza kama ni aibu kuuogopa mpira wa kriketi, tangu mwenzako wa timu apigwe nao tayani huko Riyadh mnakocheza.

Nilipofika Jeddah nikiwa kijana, nilicheza na Rajan, fundi wa viyoyozi kutoka India. Kwao aliwahi kulichezea jimbo lake miaka mingi. Alijua yote: akirusha, mpira ulidunda polepole ukapinda; naye akishika gongo, aligonga bila papara. Ijumaa moja mpira ukamvunja mfupa wa shavu. Aliporudi baada ya miezi miwili, tuliingia kugonga pamoja, nikaona anafungua glavu zake na kuzifunga tena na tena.

"Bhai, ndugu yangu, unaogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Hata kwetu niliogopa kila mpira. Ndiyo maana siuachi kwa macho mpaka unifikie."

Zamu yangu ya kugonga ilipofika, niliyakumbuka maneno yake. Siku zote nilikuwa nikifumba macho mpira ukija. Siku hiyo niliyaacha wazi. Mpira ulidunda ukanijia usoni. Niliuona hadi mshono wake, nikainamisha kichwa, ukapita karibu na sikio. Hofu haikupungua hata chembe, lakini nilikuwa mzima.

Ijumaa ukienda kucheza, uvae helmeti. Mkimaliza tu, nipigie simu, maana nami nitakuwa naogopa mpaka niisikie sauti yako.

Babu yako