Bundi wa Baba

Rula, dada yangu, bundi wa Baba amekufa. Amekufa, Rula!

Kaka Jihad alimwaga sumu mashimoni kwa sababu wale panya wa mkia mfupi wametafuna mizizi yote ya lusini, majani ya mifugo. Nilimwambia, "Jike mmoja anazaa kila wiki tatu, sumu haitawamaliza. Mwachie bundi."

Akanicheka. "Haya, daktari wa panya!"

Bundi akala panya mwenye sumu. Asubuhi hii Baba amemwokota chini ya sanduku la kiota alilomjengea juu ya mti, makinda wanalia humo ndani.

Baba amelia. Baba, Rula! Hakulia hata tulipomzika Mama.

Jihad akasema, "Nisamehe, Baba."

"Panda ngazi ukawalishe makinda."

Yuko juu sasa, anawakatia nyama. Hawafungui midomo.