Majivu ya Nyuma ya Mlango

Mama,

Nakuandikia nimekalia ndoo yako ya bluu hapa stendi ya Mpanda, nasubiri gari la Mishamo lijaze watu. Ufunguo nimesharudisha. Vile vyumba viwili vya Misunkumilo na lile jiko la uani si vyetu tena. Nilitaka nikuandikie nikishafika nyumbani, nimeoga, nimetulia, lakini kuna jambo siwezi kufika nalo kwa Dada Skola kabla sijakwambia wewe kwanza.

Tulikuzika kama ulivyotaka, pembeni ya shamba kule Mishamo, karibu na Bibi. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakakaa kwenye tuta la mihogo. Matanga yameanuliwa na nguo zako zimegawanywa. Shangazi alichukua kile kitenge cha zambarau, na anajua kabisa ndicho ulichokuwa unaendea kanisani. Nilifungua mdomo niseme, Skola akanikanyaga mguu. Kwa hiyo ukimwona shangazi amependeza Jumapili, ujue ni wewe umempendezesha.

Baba Jeni mwenye nyumba alinipigia hata matanga hayajaisha. Akanipa pole ndefu, ya heshima, halafu akasema, "Sasa Deo, nyumba uniachie kama nilivyokukabidhi." Anasema wapangaji wapya wakisikia mtu kaugulia humo wanakataa, kwa hiyo kuta zing'ae, sakafu ing'ae, pasibaki dalili. Aliita dalili. Mimi nilishaamua kuondoka hata kabla hajasema, maana kile chumba chako nilikuwa siwezi kupita mlangoni bila kusikiliza kama unakohoa. Lakini kuambiwa nikufute, Mama, iliniuma.

Skola naye akanipa kazi yake. Alinisindikiza mpaka barabarani akasema, "Kasafishe, kabidhi, uniletee mbegu ya Mama. Vyombo hata ukivigawa sawa. Mbegu usiache." Unajua mwenyewe kwa nini. Yale maharage meusi yenye kidoa cheupe Bibi alitoka nayo Burundi ameyafunga kwenye ncha ya kitenge, na ulituambia mara ngapi kwamba hata njaa ilipowakaba njiani hakuyapika. Mwaka huu Skola hana hata punje. Alikuwa huku anakuuguza, shamba likakosa mtu, ng'ombe wakaingia. Zilizobaki ni zile ulizovuna wewe kwenye kile kipande nyuma ya nyumba huku Mpanda, ukiwa umeshaanza kuumwa, unapalilia umekaa. Wakati nakuja huku Skola alishalima, matuta yapo tayari, anangoja mvua na mimi.

Nikaanza na chumba chako. Nilitoa kitanda, nikang'oa misumari ya neti, nikaziba matundu kwa saruji. Ule msumari wa rozari niliung'oa wa mwisho. Sakafu niliipiga brashi na sabuni ya unga mpaka magoti yakachubuka, harufu ya dawa ikatoka, na harufu yako ikatoka nayo. Sikuwa nimefikiria kwamba vitatoka pamoja.

Halafu ukuta. Pale ulipokuwa unaegemeza kichwa pana alama ya mafuta, duara kabisa. Nilisugua, ikagoma. Nikapaka chokaa, ikatokeza. Nikarudia, ikatokeza kwa mbali. Nikakaa chini nikalia kama mtoto, mwanaume mzima na brashi mkononi, kisha nikasimama nikarudia tena mpaka ikaisha. Baba Jeni anataka ukuta wake, hataki kichwa chako. Mkono wangu ndio uliokufuta.

Muda wote huo natafuta mbegu. Chini ya kitanda hakuna. Kwenye sanduku hakuna, ni zile soksi ulizokuwa unavaa usiku na picha ya ubatizo wa Skola. Nilifungua mpaka kopo la majani ya chai. Nilitafuta mfuko, nilitafuta chupa, maana huku mjini mtu akihifadhi maharage anayachanganya na dawa ya unga ya dukani anayafunga kwenye mfuko, basi. Nikampigia Skola. Mtandao unakatika katika, akasema, "Ziko pale alipoziweka," kama vile kuna mtu asiyejua. Unamjua mwanao. Nikasema nitaziona tu nikifika jikoni.

Jikoni nilianza na masizi. Nikakwangua ukuta, nikatoa mafiga, nikakusanya majivu ya mafigani kwenye karai. Nyuma ya mlango palikuwa na lile debe kuukuu la mafuta, limejaa majivu mpaka juu. Nikasema kimoyomoyo, Mama naye, kuumwa kote kule bado anaweka akiba ya majivu ya choo. Si ndivyo ulivyonilea? Kila Jumamosi majivu chooni, inzi wafe, harufu ikate. Nilikuwa naambiwa hivyo tangu Mishamo, sijafika hata kimo cha debe lenyewe. Mpangaji mstaarabu, ulisema, anajulikana kwa choo alichokiacha.

Nikalibeba. Zito, na chini limetoboka kutu, likawa linavuja njia nzima. Nikalimimina lote kwenye tundu la choo. Vumbi likanipanda usoni nikafumba macho na kugeuza shingo. Nilisikia vitu vinagonga huko chini, tap tap tap, vingi. Nikajua ni vipande vya mkaa.

Nikarudi nikafagia njia ile iliyovujiwa, nikamwaga maji, nikadeki. Nilifanya haraka kwa sababu Baba Jeni alikuwa ameshasema yuko njiani. Na unanijua ninavyofagia. Tangu nikiwa mdogo ulikuwa unaingia baada yangu, hutazami katikati nilikong'arisha, unavuta mlango tu na kuniuliza, "Deo, nyuma ya mlango umemwachia nani?" Safari hii hakukuwa na wa kuniuliza. Mlango wa jiko nilikuwa nimeufungua wote ukalala ukutani, nikadeki paliponyooka, nikaanika tambara.

Ndipo Skola akapiga. Mtandao safari hii safi kabisa. "Ukishayatoa kwenye majivu usiyaoshe, uje nayo hivyo hivyo."

Nilimuuliza majivu gani. Akacheka, maskini. Akasema, "Wewe Deo mji umekuharibu, Mama mbegu anaweka wapi siku zote?" Na hapo hapo nikakumbuka. Nikakuona Mishamo, umekaa na lile debe katikati ya miguu, tabaka la majivu, tabaka la maharage, tabaka la majivu, ili wadudu wasipate pa kupita, na mimi nikiwa mwenye kukushikia ungo. Nilikuwa najua, Mama. Nilikuwa najua na nikasahau. Nikamwambia Skola nitakupigia, nikakata.

Nilienda chooni na tochi ya simu. Nilimulika lile tundu muda mrefu. Sitakueleza nilichokiona, ila majivu yalikuwa yanazama taratibu. Nilifikiria kuvunja bamba la saruji niingie. Kweli nilifikiria, nilishaanza kutafuta kwa macho kitu cha kuvunjia. Kitu kilichovuka mpaka wa nchi kikiwa kwenye kitenge cha Bibi, kikavuka njaa, kikavuka ugonjwa wako, mimi nimekimwaga chooni nikiwa nafanya usafi, tena nikijisifu.

Na hapo nikakukasirikia. Nisamehe, lakini nilikukasirikia sana. Miezi yote nimekubeba mgongoni kwenda kuoga, nimekulisha uji kwa kijiko, ulishindwa kusema Deo, lile debe? Siku za mwisho mwisho ulikuwa unaongea Kirundi na marehemu Bibi, mimi nimekaa pale pale kama mgeni. Labda yeye ulimwambia. Nilisimama uani nikakusemesha kwa sauti mpaka jirani akachungulia ukutani, akaniona, akarudisha kichwa.

Hasira ilipopungua nikakumbuka debe lilikuwa linavuja. Nikarudi nayo ile njia, lakini njia ilikuwa inang'aa. Ile siku moja niliyodeki vizuri maishani mwangu. Nikatazama mtaro nilikosukumia maji, yameshakwenda na kilichokuwemo. Nikaingia jikoni nikasimama katikati, na Mama, sitanii, nilisikia kabisa lile swali lako. Nikavuta mlango.

Palikuwa na majivu. Duara la debe lilikuwa pale pale sakafuni, na kichuguu kidogo kilichovuja nilipolinyanyua. Sikuwa nimepagusa. Nikapiga magoti nikaanza kuchambua kwa vidole. Cha kwanza kilikuwa kipande cha mkaa. Cha pili kilikuwa harage.

Baba Jeni alinikuta hivyo, majivu mpaka viwikoni, juu ya sakafu aliyokuja kuikagua. Nikajua sasa nitafokewa. Akauliza huko kunatafutwa nini, nikamwambia yote, mpaka la chooni. Akachutama na miguu yake mibovu ile, akawasha tochi ya simu yake akanimulikia. "Hiyo hapo," akasema. "Na nyingine ile imeingia chini ya fremu." Tukakaa hivyo mpaka majivu yote yamechambuliwa. Kisha akasimama akipapasa kiuno, akapita vyumbani, akatazama ukuta wa chumba chako, akasema umetoka vizuri. Na mimi nilichukia kwamba umetoka vizuri.

Mama, maharage yenyewe hayajai kiganja. Nimeyafunga na majivu yake kwenye leso yako, ipo mfuko wa shati huku kushoto, kila saa nagusa. Skola amelima shamba zima na mimi nampelekea kitu cha kupanda mstari mmoja tu, tena mfupi. Anapiga, sipokei. Sitamwambia kwenye simu. Nitamwambia nimesimama mbele yake, na akinipiga atakuwa na haki, na akilia nitakaa naye. Naogopa akilia kuliko akinipiga.

Dereva ameshaanza kupiga honi. Hili ndilo ninalokuahidi: siendi Mishamo kusalimia na kurudi. Nitapanda mimi mwenyewe, upande wa miguuni kwako, pale ambapo kuku hawafiki. Yakizaa hatutakula. Yakizaa tena hatutakula. Watoto wa Skola watalalamika, nitawasimulia habari za Bibi mpaka wachoke. Na debe jipya nitaliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwamba humu si majivu, ili mjinga mwingine kama mimi asije akakosea.

Lala, Mama. Ukutani kwa Baba Jeni haupo tena, na shamba lako mwaka huu litakuwa udongo mweusi mtupu, watu watauliza. Lakini kabla sijatoa ufunguo nilivuta mlango wa jiko mara ya mwisho, nikachungulia kama ulivyokuwa unachungulia wewe. Nyuma ya mlango sijamwachia mtu.

Mwanao,
Deo