Gasketi Iliyolala Kwenye Droo

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Pasiansi, Mwanza, leo Jumatatu tarehe 27 Machi 1995, na nakuomba unijibu kabla ya Pasaka, maana baada ya hapo jibu halitanifaa. Mimi ni fundi wa magari, nina miaka thelathini na minane, nilimaliza kidato cha nne, sijaoa, na tangu shuleni naandika shajara kila siku, kwa hiyo tarehe nitakazozitaja ni za kweli, ila jina la mwanamke nimelibadili, nitamwita Dorotea.

Dorotea ni muuguzi, mjane wa mwaka wa nne, na gari lake dogo jeupe ni lile aliloachiwa na marehemu mumewe. Jumamosi tarehe 14 Januari alilileta gereji akisema maji ya rejeta yanapungua kila siku na chini hakuna hata tone, na mafundi wawili wameshambadilishia mipira ya maji bila mafanikio. Nilifungua boneti, nikaliacha liungurume mpaka likapata moto, ndipo nikaona mvuke mwembamba na alama ya kutu pembeni mwa manifodi, yaani lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini. Kwenye injini hii maji nayo hupita humo, na gasketi inayoziba kati ya manifodi na injini ilikuwa imelika, maji yakawa yanapenya kidogo kidogo na kukaukia juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini.

Gasketi ya aina hiyo haikuwepo mjini. Nikafanya tulivyozoea miaka ya uhaba: nilichukua boksi gumu la karatasi, nikalilaza juu ya uso wa manifodi, nikaligonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka kingo za chuma zikalikata zenyewe, nikapaka gamu, nikakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Nilimwambia wazi kwamba hiyo ni ya muda, nikaagiza ya kweli kwa Anil, mwenye duka la spea, naye akasema ataitoa Dar es Salaam. Gasketi ya boksi ilivumilia wiki tatu kamili. Tarehe 4 Februari Dorotea akarudi, nikakata nyingine.

Sasa Mama, wateja wengine huacha gari na kwenda zao, lakini yeye hukaa. Hukaa kwenye kiti cha basi bovu nilichokiegemeza ukutani, huja na chupa ya chai na vikombe viwili vya bati, cha kijani anachonywea yeye na cha bluu ninachonywea mimi, ananiuliza kila ninachokishika kinaitwaje, na mimi ambaye watu husema sina maneno nikajikuta namweleza habari za mama yangu aliyefariki Sengerema, jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu, naye ananisimulia vituko vya wodini kwake mpaka nacheka nikiwa nimelala chini ya gari, na kazi ya saa mbili naifanya kwa saa tano. Akiondoka naangalia alama za matairi yake kwenye vumbi la mlangoni, na siku hiyo huwa sifagii.

Jumatatu tarehe 20 Februari Anil alinikabidhi gasketi ya kweli, imekuja na treni. Niliandika kwenye shajara: "Gasketi imefika. Akija namaliza kazi." Dorotea alikuja Jumamosi tarehe 25. Nilifungua droo, nikaiona ndani ya karatasi yake, nikafunga droo, nikaenda kutafuta boksi. Tarehe 18 Machi nikafanya vilevile. Siku hizo mbili kwenye shajara nimeandika hali ya hewa tu.

Siku hiyo ya mwisho alikuwa anakunywa chai, akacheka, akasema, "Fundi, hili gari linakupenda wewe kuliko mimi." Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba Pasaka anataka kuendesha mwenyewe hadi Bunda kumchukua mama yake mzazi, ambaye ni mzee na hajawahi kuiona nyumba yake, lakini gari hili limemchosha. "Likivuja tena kabla ya Pasaka, naliuza. Ngosha, yule Msukuma anayeuza samaki pale Kirumba, ameshaliona, analitaka. Mimi sina mtu wa kunisukumia gari porini."

Kwa hesabu ya boksi litavuja tarehe 8 Aprili, na Pasaka ni tarehe 16. Nikilitengeneza vizuri hana tena sababu ya kuja kwangu, nisipolitengeneza ataliuza na pia hana sababu ya kuja, na nikimwambia ukweli ataniona tapeli. Nifanye nini, Mama?

Fundi wa Pasiansi

*

Marahaba, fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika. Nitaanza na hasira, maana ndiyo yenye haraka.

Unajua kuliko mimi maji yakiisha injini inafanyaje. Mtu ambaye unasema unampenda umemrudisha barabarani mara mbili na kipande cha boksi, huku dawa iko kwenye droo. Je, lingemzimikia yuko njiani kwenda zamu? Je, angeamua kwenda Bunda wiki moja mapema, likafia porini na mama yake mzee ndani? Usiniambie habari za mapenzi kabla hujanijibu hilo.

Kukata boksi si kosa. Sote tuliishi hivyo, na mafundi wa aina yako ndio waliotufikisha tulikokwenda. Lakini uhaba ulitufundisha tabia mbaya pia: ukipata kitu kizuri, kifiche, maana hakitapatikana tena. Maduka yamejaa sasa, fundi, na wewe bado unaficha. Umeficha gasketi ili usikose Jumamosi.

Sasa huruma. Umeniandikia kila nati ilivyokazwa, lakini jambo moja umelipita kama halina maana. Mwanamke mwenye zamu za hospitali, anayepeleka gari kwa fundi, anabeba vikombe viwili. Viwili, na kimoja kimekuwa chako. Siahidi lolote, simjui huyo mama. Ila najua kwamba anayetaka kutengenezewa gari tu hambebei fundi kikombe.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje tarehe 8. Siku utakayosoma gazeti hili, chukua gasketi na spana, mfuate wewe kwake, saa za mchana, majirani wakiona. Mwambie kabla hujafungua boneti, si baada: "Hii ilifika tarehe 20 Februari, nikakuficha, kwa sababu nilitaka urudi." Usiongeze maelezo. Akikufukuza, mwachie gasketi mlangoni na jina la fundi mwingine mzuri, uondoke kwa adabu. Akikuruhusu, kwangua mabaki yote ya boksi na gamu mpaka chuma king'ae, funga ya kweli, jaza maji, kisha mpande gari wote wawili, yeye akiendesha, mpaka Igoma na kurudi. Usipokee hata senti ya ufundi. Pasaka aende kwa mama yake na gari zima, awe amekusamehe au hajakusamehe.

Na ufanye haraka. Jina lake umelibadili, lakini umeandika muuguzi mjane, gari jeupe, Pasiansi, Jumamosi na kikombe cha kijani. Magazeti yanasomwa na wauguzi pia. Ni afadhali asikie kwa mdomo wako kuliko kwa kalamu yangu.

Hofu yako kwamba hatakuwa na sababu ya kuja, nimeielewa. Basi safari hii uwe na sababu wewe. Jumamosi ya tarehe 8, kama hajakufungia mlango, rudi kwake ukiwa umenawa mikono, bila spana, na umwombe chai.