Sahani ya Elia, Kariakoo

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Joto la huku linayeyusha hata mawazo, lakini kinachonichoma ni hasira.

Ninakula kwa Mama Elia, mamalishe jirani na soko. Elia, mwanawe wa pekee, alivuka mpaka kutafuta kazi na simu zake zilikoma zamani. Kila siku mama humpakulia wali na samaki, huifunika sahani, na akikaribia kufunga humpa yeyote aliyebaki na njaa.

Jana mhubiri wa mtaani alimwelekezea kipaza sauti mbele ya wateja: "Mama, kusubiri huko ni imani haba! Amuru leo, mwanao arudi leo!"

Nilisimama nimjibu. Kumwaibisha mama kwa sababu ya uvumilivu wake, tena kwa jina la Mungu, ni ukatili.

"Kaa, dada, samaki wako anapoa," Mama Elia akaniambia. Kisha akamgeukia mhubiri: "Baba, mimi Mungu namwomba, simtumi dukani. Umeshakula lakini?"

Hakuwa amekula. Akampa sahani ya Elia!

Nilizidi kukasirika, ingawa sasa sina hakika kama nilikuwa namtetea yeye au uchovu wangu mwenyewe wa kusubiri. Mhubiri alikula akamaliza. Mama Elia akaiosha sahani, akaitenga peke yake, tayari kwa kesho.

Mkiwasha mshumaa wa Majilio Jumapili kungojea Krismasi, shangazi yangu, mtajeni Elia. Mhubiri nitamwombea mwenyewe, nikishapoa.

Akupendaye,
Rehema